Chumvi Hukuwahi Kuitia

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti kabla ya kuiandika, halafu nikangoja kidogo, kama mtu ambaye akili zake hazijatimia. Haya, naendelea.

Leo ni siku ya Arafa. Nimefunga, kama ulivyokuwa ukifunga wewe. Nyama iko sufuriani inapoa, manda za sambusa nimezifunika kwa kitambaa nilichokilowesha, na kopo la chumvi liko hapa mbele ya magoti yangu. Sijalifungua. Mkono unatetemeka. Ulikuwa ukisema mkono unaotetemeka usikaribie chumvi, basi nimeshika kalamu kwanza. Kalamu ikikosea unafuta.

Kesho Idd Kubwa. Na kesho ndiyo Baba ataamua kama nyumba hii inafungwa au inabaki. Nitakueleza. Ila lazima nianze na siku ile, maana wewe uliondoka katikati, hujui kilichofuata, na mimi sijamsimulia mtu yote. Kila nikianza kusimulia nafika pale kwenye mkeka wako wa kuswalia, naganda.

Ilikuwa Ramadhani ishirini na tisa. Ulikuwa na uhakika mwezi hautaonekana, tutatimiza thelathini, tuna siku nzima ya kukunja sambusa taratibu. Kila kitu ulikuwa umekipanga kwa thelathini. Tangu Shaabani ulikuwa ukiweka akiba. Unga wa ngano ndio uliotutesa. Duka la ushirika lilitoa kidogo kidogo, foleni inaanza alfajiri, nami nakwenda na kipande cha gazeti ili nisome nikingoja. Kilo wiki hii, nusu kilo wiki ijayo, unamimina kwenye debe chini ya kitanda na majani ya mwarobaini juu yake wadudu wasiingie. Balozi wetu wa nyumba kumi alipoliona lile debe alicheka.

"Bi Mwamini, unga wote huu? Huu nao ni ujamaa?"

"Wewe mwaka jana ulikula sambusa ngapi kwenye baraza langu?"

"Ah, mimi sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Tisa. Huo ndio ujamaa wenyewe, kaa utulie."

Akakaa. Bado anaisimulia hiyo, Shangazi. Anaisimulia mpaka msikitini.

Na mimi na karatasi yangu. Ulinicheka kwa karatasi ile. Wewe Idd nzima ulikuwa nayo vidoleni: unakunja kidole, jamaa wa Isevya, unakunja kingine, wale wa Ntalikwa wanaokuja kwa miguu na njaa yao, cha tatu, wazee wa baraza, cha nne, wanawake wa uani, ambao hawali mpaka wanaume waondoke, halafu wanakula kuliko wanaume. Mimi nikaandika. Nyuma ya mfuko wa sukari, kwa mwandiko wangu bora, mstari kwa mstari: visheti, kashata za karanga, kachori, sambusa. Chini ya sambusa nikaorodhesha: nyama ya kusaga, vitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili, kotmiri, limau, manda, uji mzito wa unga wa kugandishia. Nikaibandika ukutani kwa ugali. Nilikuwa najivuna. Nikaona sasa vitafunio vya Bi Mwamini vimo kwenye maandishi, hata akisafiri mtu yeyote anaweza kuvipika.

Hata akisafiri. Niliwaza neno hilohilo. Najichukia mpaka leo.

Chumvi haimo kwenye orodha ile. Sikuiandika, kwa sababu sijawahi kuitia hata siku moja. Miaka yote hiyo tangu Baba anilete kwako nikiwa sijang'oa meno ya mbele, nimekatakata, nimetwanga, nimesukuma manda mpaka mikono ikaota sugu, lakini chumvi ulitia wewe. Chumvi ya Uvinza, kwenye kopo hili la maziwa. Unaitia mwisho kabisa, nyama imeshapoa, unaigeuza kwa mkono, unanusa. Huonji. Umefunga, utaonjaje? Na shehe alikwisha sema mwanamke anayepika anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, si kosa. Ukasema, "Shehe kasema kweli. Lakini mpishi anayeonja ana wasiwasi." Ukanusa, ukasema, "Imekubali." Na kweli ilikuwa imekubali.

Siku ile adhana ya alasiri ilipoadhiniwa ulikuwa umeketi pale kwenye kibao chako, umeshalifungua kopo. Niliona mfuniko uko chini. Ukainuka, ukashika kiuno, ukasema, "Dija, usikunje bado." Basi. Ukaenda chumbani kuswali.

Usikunje bado. Nikadhani unasema manda bado zina moto.

Nikazigusa, nikaona zimepoa. Na mimi unanijua, Shangazi. Mimi kukaa tu siwezi. Nikasema nitamshangaza, akitoka akute nimeshapanga sinia. Nikaanza. Ya kwanza ikaachia kwenye pembe, ya pili ikakaa, ya tatu ikawa nzuri kama yako. Nikawa naimba. Nilikunja kumi na mbili. Najua ni kumi na mbili kwa sababu nilizihesabu ili nikutambie. Ndipo nikaona umechelewa, nikaita, "Shangazi, leo unaswali na tarawehe kabisa?"

Nikaingia. Ulikuwa umesujudu.

Nikatoka tena. Wallahi nilitoka tena. Nilisema bado anaswali, nisipite mbele yake. Nikasimama mlangoni na unga mikononi, nikangoja uinuke. Sijui nilisimama muda gani. Kuku aliingia sebuleni, akadonoa makombo ya manda miguuni pangu, sikumfukuza. Kilichonishtua ni kwamba kanga yako begani haikupanda wala kushuka.

Sikulia. Wanawake walipojaa, Bi Tausi wa nyumba ya pili akanishika uso akaniambia lia, mwanangu, lia. Sikuweza. Nilikuwa namwangalia mdomo unavyocheza. Nilijiona kama nimepigwa ubao wa kichwa: unasikia mlio, maumivu bado yako njiani.

Na jua lilipozama, mwezi ukaonekana.

Watoto walipiga kelele barabarani, mwezi, mwezi, halafu mtu mzima mmoja akawanyamazisha, kukawa kimya, na kimya kile kikatembea nyumba hadi nyumba mpaka mwisho wa mtaa. Redio ya jirani ikatangaza kesho Idd. Nikawaza, alisema thelathini. Hiyo ndiyo fikra yangu ya kwanza, Shangazi. Si kwamba umekufa. Nikawaza umekosea hesabu ya mwezi, na hujawahi kukosea.

Wakaamua: maiti haingoji, utazikwa asubuhi baada ya swala ya Idd. Watu watakaotoka kuswali ni walewale watakaokusindikiza. Watu walewale wa vidole vyako. Halafu watarudi wapi? Watarudi kwenye baraza lako, kama kila mwaka. Nikasikia sauti yako kabisa: "Mtu asitoke kwangu siku ya Idd hajatia kitu kinywani."

Lakini nyumba ya msiba haiwashi moto siku tatu. Hilo nalijua, kila mtu analijua, jirani ndiye anapika. Na kukaanga? Mafuta yalie kwenye nyumba yenye maiti, harufu ya sikukuu itoke uani? Watu wangesema nimefurahi.

Asubuhi, ulipokwisha toka mikononi mwa waoshaji, wanaume wakakuchukua. Wanawake hatuendi makaburini, tukabaki. Nilishakunja zilizobaki zote tangu alfajiri, sikumbuki vizuri, mikono ilikwenda yenyewe. Nikafuata karatasi yangu mstari kwa mstari, kila mstari ulikuwa sawa. Jeneza lilipokata kona nikabeba masinia mawili, nikapenya tundu la ukuta wa uani, nikaenda kwa Mama Kashindye.

Unamjua Mama Kashindye, haulizi maswali. Alikuwa amevaa nguo yake nyeusi ya kwendea kanisani kwa ajili yako. Akanitazama mimi, akayatazama masinia.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia Kinyamwezi, kama siku yoyote.

"Mama, niazime moto."

"Moto upo. Mafuta unayo?"

"Ninayo."

"Basi wewe kaa. Mfiwa hakaangi. Mimi ndiye jirani."

Akakaanga yeye. Mimi nikamkabidhi moja moja. Bi Tausi akachungulia ukutani, akasema, "Haya makubwa. Mtu hajafika kaburini, mafuta yanalia?" Mama Kashindye hakugeuka hata kidogo. "Yanalia kwangu, Bi Tausi. Kwao kuko kimya. Njoo unishikie chujio." Na akaja, Shangazi. Akanung'unika njia nzima, akashika chujio.

Wanaume waliporudi, wakakaa barazani na kanzu zao za Idd, zina udongo mwekundu kwenye pindo. Sinia likapita. Hakuna aliyekataa. Nilikuwa nyuma ya pazia, pale pako. Walikula wameinamisha vichwa. Nikajisemea, Shangazi ameona, wote wametia kitu kinywani.

Halafu Baba akafika.

Alikuja na gari la mizigo kutoka Tura, lile linalosimama kila stesheni kupisha wenzake. Hakuna aliyeweza kumfikishia habari, alikuwa njiani. Akatokea na kanzu mpya, kibuyu cha asali mkono mmoja, kuku mkono mwingine miguu juu. Akaona watu barazani, akaona sinia, akaona watu wanatafuna. Akacheka. Akasema kwa sauti ile yake ya kuvuka mto, "Idd mubarak, jamani. Mwaka huu mmeniwahi. Mwamini, nibakizie hata moja."

Watu wakaacha kutafuna.

Akageuza uso kwa mmoja, akageuza kwa mwingine. Bado anacheka, kicheko hakijapata habari. "Kuna nini? Mwamini yuko wapi?" Nilishika pazia nitoke nimwambie, nikaliachia. Mzee Seifu wa duka la kona ndiye aliyeinuka. Akampokea kuku kwanza, kwa upole kabisa, kama anapokea mtoto. Akampokea kibuyu. Akamshika mkono. Akasema, "Tumetoka kumzika sasa hivi, ndugu yangu."

Baba hakulia na yeye. Alikaa kwenye ngazi. Mtu akamsogezea sinia kwa mazoea tu, na yeye kwa mazoea akachukua, akala, anaangalia barabara. Alikula yote. Nadhani hajui mpaka leo kwamba alikula.

Na Mzee Seifu. Sasa hapa nisikilize. Kila Idd, tangu nianze kuelewa maneno, Mzee Seifu anakula sambusa ya kwanza, anapaza sauti kuelekea pazia: "Bi Mwamini, leo chumvi imezidi." Na wewe ndani, bila kuinua macho: "Ulimi wako ndio uliopungua, Mzee Seifu. Uza hilo duka ununue mwingine." Baraza zima hucheka, mwaka hadi mwaka, maneno yaleyale. Siku ile alikula moja. Akachukua ya pili, akaila taratibu mpaka pembe. Akafuta mikono. Kisha akasema, si kwa sauti, akiwa amelielekea pazia:

"Imekaa sawa."

Nikafurahi. Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilifurahi. Nikasema nimeweza.

Alasiri Mama Kashindye akanifuata uani, mimi sijala tangu jana. Akanipa iliyobaki, ya mwisho, imepoa. "Kula, usije ukatuangukia na wewe." Nikauma.

Haina chumvi. Si kwamba imepungua. Haina kabisa, hata chembe, unatafuna nyama na bizari kama unatafuna kitambaa kilichofuliwa. Nikatema mkononi nikaiangalia. Nikaona kopo chini, mfuniko pembeni. Nikaona unainuka, unashika kiuno. Usikunje bado.

Manda hazikuwa na moto. Ulikuwa hujatia chumvi, Shangazi. Ulikuwa unarudi kutia.

Hapo ndipo nililia. Saa nzima na ushei, mpaka Bi Tausi akasema nyamaza sasa, inatosha. Siku nzima nilikuwa nimeona maiti, jeneza, Baba kwenye ngazi, na yote yalikuwa kama habari za mtu mwingine. Chumvi ndiyo iliyoniambia kwamba hurudi.

Nikamgeukia Mama Kashindye. "Ulijua?"

"Nilionja ya kwanza ilipotoka kwenye mafuta. Mimi huwa naonja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Zilikuwa zimeshakunjwa, mwanangu. Ningekwambia ili iweje?"

Na wale wengine wote, baraza zima, watu wazima wenye midomo mirefu ambao chai ikipungua sukari wanasikika mpaka sokoni. Hakuna aliyesema. Hata Balozi. Naambiwa alikula tisa.

Baada ya arobaini yako nilikwenda dukani kwa Mzee Seifu kununua chumvi. Kopo lilikuwa nusu bado, nilitafuta sababu tu. Alinipimia, akafunga karatasi. Nikamwuliza.

"Mzee, siku ile kwa nini ulisema imekaa sawa?"

Akaifunga karatasi mara ya pili, ilikuwa imeshafungwa.

"Sasa ningesema nini, Dija? Ningesema haina, nani angenijibu?"

Nikaondoka bila kuaga. Njiani nikakumbuka sijachukua chumvi.

Sasa nikwambie ya Baba. Anataka kuifunga nyumba. Anasema mimi msichana siwezi kukaa peke yangu mjini, niende naye Tura, kijijini kwao wamepangwa vizuri, kuna shamba la pamoja, kuna kisomo cha watu wazima, naweza hata kufundisha kusoma. Hasemi kwa ubaya. Amechoka, anashuka kutoka gari moshi kila mara anatazama ngazi ile. Anasema, "Baraza lilikuwa la Mwamini. Mwamini hayupo. Watu watazoea kwingine." Nikamwambia nipe Idd Kubwa. Moja tu. Ikishindikana nitafunga mizigo mwenyewe, nitabandua na karatasi ukutani. Amekubali. Amefika tangu jana, amelala chumbani kwako, hajagusa mkeka wako.

Kwa hiyo leo nimefanya yote. Visheti viko tayari. Kashata nimezikata, zimekaa mshazari kidogo, wewe ungeona. Unga nimeupata kwa foleni tatu, na Balozi mwenyewe alinishikia nafasi moja, akasema ana deni la tisa. Vidole nimekunja, si karatasi: Isevya, Ntalikwa, wazee, wanawake wa uani. Nimeongeza kidole cha tano, Mama Kashindye, maana nimegundua wewe hukuwa ukimhesabu. Ulimchukulia ni wa nyumbani.

Na nyama imepoa.

Muda huu nimefungua kopo. Nimeacha kuandika nikalifungua, nikatia kwa kiganja, ule mkunjo wa katikati, nikageuza kwa mkono. Nimenusa. Sijui, Shangazi. Nanusa nyama, nanusa kotmiri, chumvi siisikii. Wewe ulikuwa unanusa nini? Hukuniambia, na mimi sikuuliza, nilidhani tuna thelathini.

Basi nimefanya kitu ambacho ungekikataa. Nimempigia Mama Kashindye kelele ukutani. Amekuja na kijiko chake kutoka kwake, mikono imelowa sabuni. Ameonja. Amefumba macho. Ameonja tena. Nimemwuliza, vipi, amesema subiri. Halafu akasema, "Ongeza. Mkono wako unaogopa." Nimeongeza. Akaonja. "Kidogo tena." Nimeongeza. Akalamba kijiko, akasema, "Sasa yule mzee atapata la kusema," akarudi kufua.

Najua, mpishi anayeonja ana wasiwasi. Mimi ninao. Kuanzia sasa chumvi ya nyumba hii itapitia ulimi wa mtu aliye hai kabla sijakunja hata moja, na hilo unisamehe, au usinisamehe, nitalifanya hivyohivyo. Na kwenye karatasi ukutani nimeiandika, juu kabisa, kabla ya nyama.

Kesho Baba nitamkalisha barazani, karibu na Mzee Seifu, siyo kwenye ngazi. Sitamwambia chochote. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia. Mzee Seifu akisema imekaa sawa, nitaelewa, nitafunga mizigo ya Tura na sitamlaumu mtu. Lakini akisema imezidi, nitamjibu, kwa sauti, jibu lako lote mpaka kwenye ulimi wa kununua, nisipunguze hata neno. Baba asikie mwenyewe kama kuna mtu ndani.

Lala salama, Shangazi. Ngoja nikunje. Safari hii kweli zimepoa.

Mwanao,
Dija